Mkebe Usio na Namba

Kamalondo, nyuma ya soko, nachanganya rangi.
Nina kadi ya kiwanda, vipande mia nne na kumi na viwili,
kila kipande na namba yake, kama mfungwa.
Kijiti changu kimeota ngozi ya miaka tisa:
ukikikata utaziona kuta zote za Katuba
zimelaliana kama pete za mti.

Mwepu, mtoto wa dada, hushinda juu ya magunia ya chokaa
akijifunza Kiklingoni kwenye simu yenye ufa.
Lugha ya wapiganaji wa nyota, ananieleza, mtu mmoja aliibuni,
ina koo kavu na haijui kusema pole.
"Mama mudogo, kule kijani, buluu na manjano ni neno moja. SuD.
Na si sifa. Ni kitenzi.
Kitu hakina rangi, kinafanya rangi."

Nikacheka hadi nikamwaga vanishi.
Watu wa vita, nikasema, watapata wapi muda wa kuchagua pazia?

Lakini usiku, mlango wa bati umeshushwa,
nikahesabu vya kwetu.
Eupe. Eusi. Ekundu. Basi.
Hao watatu ndio wenye nyumba,
wanabadili nguo kwa kila ngeli:
mweusi, cheusi, jeusi, weusi.
Waliobaki ni wapangaji.
Kijani kaazima jani, manjano katoka jikoni,
kijivu kachotwa mekoni, buluu kaja na meli
na hadi leo hajui kusalimia nomino.
Vitenzi navyo tunavyo, nani alisema hatuna?
Embe linaiva. Kitenge kinachujuka.
Uso wa mdaiwa unasawijika.
Ukuta wa shule yetu ya Ruashi unapauka tangu nizaliwe
na haujamaliza.
Hata jiwe la kobalti hutoka shimoni jeusi tii,
likifika mkebeni mwangu ni buluu.
Njiani lilifanya nini, halisemi.

Jumanne akaja Mama Chilufya, mkononi kopo la maziwa, tupu.
"Ya msalaba wa mume wangu. Alikuwa kwenye tanuru miaka thelathini."
Rangi gani, mama?
"Ile ya moto. Si mwekundu, hapana.
Ile ya shaba ikianza kulia."

Nikafungua kijani 207. Akatikisa kichwa.
Buluu 318. "Hiyo ni ya ziwa. Hakufa maji."
Nikatia manjano tone, nikatia jingine.
Akaushika mkono wangu pamoja na kijiti:
"Inakuja. Inakuja. Aa, umeipita."

Mwepu akashuka kwenye magunia, simu kaiacha,
akalisema lile neno lake, moja tu,
kama anayetema kokwa.
Mama Chilufya hakuuliza maana.
"Eheh. Ilikuwa inafanya vile."

Nikaacha kukoroga kabla haijaamua.
Zilizunguka zote tatu, mishipa mishipa,
hakuna iliyommeza mwenziwe.
Akafunika kopo kwa kiganja, akaondoka polepole
kama aliyebeba uji wa mgonjwa.

Jioni patroni akakagua daftari.
Namba? Haina.
Jina, basi? Ni kitenzi, patroni.
Akanitazama. Akanikata faranga elfu tano,
na kwa wino mweusi akaandika: kijani.