Robota

Wiki tatu nimelipa paundi nane
kulenga robota la majani makavu
ambalo ningeweza kulikumbatia.
Hatua tatu tu. Halina duara, halina jicho jekundu.
"Fumba macho," anasema Enid Postlethwaite,
miaka sabini na mmoja, aliyekuwa tarishi
kwenye vilima hivi vya Kendal, barua na mvua, barua na mvua,
na bado anasimama kama nguzo ya simu.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ishirini na miwili
napunguza magauni ya maarusi, naongeza viuno vya makoti,
napima watu mabega bila kuwatazama usoni.
Leo ninayepimwa ni mimi.
Anasogeza buti langu kwa ncha ya buti lake:
"Upana wa mabega, Sheki, si upana wa mlango."
(Jina langu ni Shekiondo. Kalikata,
kama suruali ya mtu mfupi.)

Ubavu uelekee robota. Magoti yalegee kidogo,
yasikakamae kama ya askari wa gwaride.
Uzito uugawe sawa kwenye nyayo
mpaka usikie unyevu wa nyasi ukipanda soksi.
Nyonga zisitangulie. Kidevu juu ya bega.
"Na huo mgongo," anauliza, "nani kaukunja?"
Cherehani, namjibu. Kwanza cha kukanyaga, Tanga,
kisha cha umeme, dirishani, Mtaa wa Highgate.
"Basi kakidai."

Upinde ni wa mti ule wa viwanja vya makanisa,
mwekundu kwa ndani, mweupe kwa nje.
Ugwe umezungushiwa uzi katikati,
nami nikaukagua uzi kabla ya upinde: kazi safi.
Mkono wa kushoto usinyooke kama rula,
kiwiko kigeuze, la sivyo ugwe utakulamba.
Nilikaidi. Ukanilamba.
Alama ya zambarau mpaka Ijumaa;
bibi harusi mmoja akauliza, kwa sauti ya chini,
kama nyumbani kuna amani.

Vidole vitatu. Kimoja juu ya wano, viwili chini,
vimevaa ngozi, binamu ya kastabini yangu.
Usivute kwa mkono: mkono ni kulabu tu.
Vuta kwa mgongo, kwa yale mabawa mawili
yaliyolala chini ya shati tangu ujana,
yasogeleane kama majirani waliochoka kununiana.
Kidole kifike pembe ya mdomo. Hapo.
Kila mara hapo.
Kisha usiachie.
Acha kushika.

Kuna tofauti gani?
Lugha zangu mbili zilishindwa kuieleza.
Vidole vilielewa Jumamosi ya pili, ghafla,
kama uzi unapopita tunduni
wakati umeshakata tamaa na unawaza chai.

Wiki ya nne akatundika karatasi, hatua ishirini.
Macho wazi. Tazama unakotaka kufika,
mshale una njia yake.
Nikasimama. Nyayo, nyonga, kidevu, mabawa,
pembe ya mdomo.
Mshale ukapita juu ya karatasi, ukapita juu ya robota,
ukazama kwenye majani yawashayo kando ya mto Kent,
ndugu wa upupu.

Nilitaka kucheka, kuomba radhi, kushusha mkono.
"Usitikisike!"
Hakuutazama mshale hata kidogo.
Alitazama mkono wangu wa kulia
uliobaki nyuma ya sikio, umefunguka,
akazunguka akatazama mgongo,
taratibu, kama mtu anayetafuta mshono
na kuukosa.
"Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo."

Wahenga walisema mshale uendao msituni haukupotea.
Hawakusema nani ataufuata,
wala kwa suruali gani.
Mimi nilikuwa na ya kitani, nyepesi,
niliyoishona mwenyewe.