Aliyesaini Yuko Wapi?

Alikuja Jumatatu, mvua imetoka kukatika,
huku nyuma ya mahakama, Kisutu,
ambako mimi na mashine yangu ya mihuri
tunakaa chini ya ngazi za ofisi za watu.
"Nataka muhuri," akasema. "Wa duara."
Nikamwambia: muhuri si kisahani cha chai, binti,
sichongi jina kwa sababu mtu ana hela.
Lete cheti.

Akacheka, akafungua bahasha ya kaki
iliyolegea pembe kwa kubebwa:
miaka minne ya Mlimani,
kisha shule ya sheria, na mtihani mmoja
aliourudia mpaka kaka yake akauza pikipiki;
barua za watu wa kumshuhudia tabia,
usaili mbele ya wazee wasiotabasamu,
siku ya kuapishwa, joho la kuazima
limemfunika hadi viatu,
jina likaingia katika daftari la mawakili.
Na risiti. Jamani, risiti!

Nilisoma kila herufi, maana nimeshaungua.
Kuna mmoja nilimchongea mwaka wa mafuriko;
akawa anagongea watu baa, kreti ndiyo meza,
hadi marehemu mmoja wa Tandika
akauza nyumba, akasaini vizuri kabisa,
arobaini yake imeshapita.
Polisi walikuja kuniuliza mimi.

Nikachonga. TUSEKILE MWAKYOMA,
wakili, mthibitishaji wa nyaraka, kamishna wa viapo:
maneno mengi kwa duara dogo,
herufi zikagusana mabega.
Akaujaribu juu ya gazeti la jana,
juu ya shavu la mcheza mpira,
akapuliza wino kama anayepoza uji.

Nami nikaona, bahati si ndiyo hii?
Nikatoa chini ya droo hati ya kiwanja cha Chanika,
changu na cha mdogo wangu Kibwana.
Saini yake ipo. Niliiweka mwenyewe.
Sisi ni tumbo moja,
naye yuko Kilosa, na nauli ni nauli.
"Gonga hapo, uuzindue."

Hakugonga.
Akaangalia karatasi, akaangalia mlango nisio nao.
"Aliyesaini yuko wapi?"
Ndugu yangu huyo, nikasema, damu yangu.
"Sikuuliza ni nani. Nimeuliza yuko wapi."

Nikamtajia bei kamili,
bila ile elfu tano niliyokuwa nimempunguzia.
Akalipa. Akaufunga muhuri ndani ya leso,
akaondoka akiruka madimbwi.

Jioni nikampigia Kibwana.
Njoo na kitambulisho, nikamwambia,
uinue mkono, useme kwa mdomo wako.
Akauliza, kwani kafa nani?
Bado hajafa mtu, nikamjibu. Ndiyo maana uje.

Gazeti bado liko mezani:
yule mcheza mpira, shavuni amethibitishwa,
naye hakuwepo.