Nafasi Si Konsonanti

Jumamosi Bosibori anaolewa, na msemaji ni mimi.
Ndiyo maana usiku huu, hapa Nyalenda, stima iliporudi,
nimefungua kompyuta ya ofisini, ile isiyo na kofia ya K,
niandike programu ya mistari saba.

Kazi yake ndogo: ipitie hotuba yangu
herufi kwa herufi, kama anayechambua mchele.
Ikikuta a, e, i, o au u,
itie kwenye kapu la irabu.
Vinginevyo, konsonanti.
Nataka kujua mawe ni mangapi
kabla sijayatia mdomoni.

Irabu hazijawahi kunitesa.
Aaa ya kwa daktari wa meno, ooo ya bao lililogonga mwamba,
hizo hupita zenyewe.
Wabaya ni akina p, t, k,
na mkubwa wao, b,
anayefunga midomo yangu na kuondoka na ufunguo.

Naiendesha.
Irabu, mia nne kumi na mbili.
Konsonanti, mia sita hamsini na tano.
Haiwezekani! Kiswahili hakina mifupa mingi hivyo.
Narudi juu, nasoma kwa kidole, nalipata kosa:
kila nafasi kati ya maneno, kila mkato, kila nukta,
imehesabiwa konsonanti.

Nimecheka mpaka jirani, na omena wake jikoni, akagonga ukuta.
Miaka thelathini na mmoja watu wananimalizia sentensi
wakidhani nilipo kimya hamna kitu,
na mashine ya kuazima, kwa kukosea,
ikasema hamna utupu pale, kuna herufi imekwama.

Lakini kosa ni kosa. Nimelisahihisha:
kwanza uliza kama ni herufi, ndipo utenge.

Kisha nikaipa neno moja tu.
Bosibori.
Nne kwa nne. Sare.

Tulipokuwa wadogo, Keroka, nilimwita Oioi,
maana b ilinigomea na r haikunisubiri.
Aliitika. Mpaka leo anadhani
nilimtungia jina la mapenzi.

Nalo nimeliandika, nikabonyeza.
Irabu nne. Konsonanti sifuri.

Wajomba watataka jina lililo kwenye kadi.
Kwenye karatasi nimeyaweka yote mawili, moja juu ya jingine,
na katikati nimeacha nafasi
pana kidogo.