Uzi wa Kidole Gumba

Mnyororo nimeupitisha gurudumu la nyuma
nikaufungia nguzo ya kuanikia nguo, hapa Kariobangi.
Helmeti mbili nalala nazo; ya abiria
inanuka mafuta ya nywele za watu nisiowajua.
Riflekta nimeivaa ndani ya blanketi.

Na bado usingizi wangu ni wa wizi.
Nikafunga uzi: ncha moja kwenye breki,
nyingine, kupitia dirishani, kidole gumba cha mguu.

Saa tisa uzi ukanivuta.
Nikatoka na rungu, pekupeku.

Kumbe Mutheu wa chumba cha pili,
niliyemweka wa kwanza katika hesabu ya wezi,
anafunika kiti kwa gunia. Manyunyu.

"Mwezi mzima nauruka uzi wako
nikienda Marikiti."

Tochi yake ikanimulika:
riflekta ikawaka,
mimi nikazimika.