Risiti ya Chupa

Duka letu hapa Kemi lina mashine ukutani,
mdomo wake duara, taa yake ya kijani.
Unailisha chupa tupu, makopo matupu,
inanguruma, inahesabu,
haiulizi zilinywewa na nani.

Jumamosi ile nilifika na magunia mawili.
Nyuma yangu Tuulikki, muuguzi wa zahanati,
na chupa zake tatu za juisi.
Nikamwambia kabla hajaniuliza:
"Tulikuwa na wageni."
Akasema, "Ahaa."

Nikalisha. Nikalisha. Foleni ikarefuka.
Mtoto mmoja alihesabu kwa sauti
mpaka mama yake akamvuta mkono.
Mashine haina mama.
Ikanitemea risiti: mia moja na kumi na saba.

Wageni wa mwisho kukanyaga kwangu
walikuja kumzika Helvi,
na theluji imeshayeyuka mara mbili tangu hapo.

Jumanne nilikwenda zahanati kwa ajili ya mkono.
Mkono tu. Unatetemeka asubuhi,
na mimi ndiye ninayeendesha gari la kusukuma theluji;
msimu huu nimeangusha masanduku matatu ya barua
nikalaumu ukungu.
Tuulikki akanipa karatasi, maswali kumi.
Glasi ngapi kwa siku? Nikaandika: mbili.
Ukubwa wa glasi haukuulizwa.
Huwa unazimua asubuhi? Nikaandika: kahawa.
Kilichomo ndani ya kahawa hakikuulizwa.
Kuna aliyewahi kukuonya?
Helvi. Lakini Helvi hayupo, nikaandika: hapana.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.
Hakutikisa kichwa. Hakunihubiria.
Nje gari langu lilikuwa linanguruma,
maana baridi ile, ukilizima haliwaki tena.
Akainua macho:
"Wale wageni, wameshaondoka?"

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Mimi niliumbuliwa na mashine ya dukani
na mwanamke mwenye chupa tatu za juisi.

Nikaomba kalamu. Nikakata ile mbili.
Namba niliyoandika juu yake ilipinda kama waya,
lakini ilisomeka.
Ndipo akalitaja jina, uraibu, kwa sauti ya chini,
na lililonitisha si jina:
ni jinsi lilivyonikaa mabegani,
halikubana, halikupwaya.

Akafunga mpira mkononi, akatafuta mshipa.
"Kunja ngumi," akasema.
Nikakunja.
Risiti ilikuwa bado mfukoni,
sijaibadilisha pesa.