Ajuza wa Ukurasa wa 212

Kitabu kilikuja na lori la unga,
stempu za Ujerumani, kamba mbili,
na jaladani yeye mwenyewe: Hartmut, ndevu, helmeti,
kilomita elfu tisa nyuma ya mgongo wake.
Hatukujua kusoma. Yaani tulijua, ila si kile.
Tukamwita Mwalimu Bermet,
aliyefundisha Kijerumani enzi za Wasovieti
na tangu hapo hajapata wa kumwamkia nacho.
Akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine,
akalowesha kidole. "Sisi tuko mia mbili na kumi na mbili."

Kurasa mbili. Kijiji kizima, kurasa mbili.

"Hapa mbwa huchukia magurudumu."
Tukacheka, maana ni kweli.
"Mkate wao ni mgumu kama njia yao."
Kicheko kikapungua.
"Duka lina vodka, mishumaa, na mwenye duka aliyelala."
Sabyrbek akasimama: "Ilikuwa tarehe thelathini!
Nani ana bidhaa tarehe thelathini?
Na sikulala. Nilifumba macho nipige hesabu."

"Watu hawa wana kidogo, na wameridhika."
Tologon, aliyezika ng'ombe katika theluji ya Machi,
akauliza taratibu: "Ameandika wameridhika? Soma tena."
Mwalimu akasoma tena.
Neno lilikuwa lile lile.

"Hakuna aliyeniuliza natoka wapi.
Ajuza mmoja alinipa chai, akaondoka bila neno."

Wote wakanigeukia.
Mimi ndiye ajuza.
Nina miaka arobaini na minne.
Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone;
huyu alikuja, mwenyeji akazeeka.

Sikumuuliza atokako kwa sababu alikuwa anatapika.
Mwenye homa haulizwi ramani.
Siku tatu alilala chini ya mfarishi wa mama yangu
akiita Ulrike, Ulrike,
nami nikiitika, maana aliyeitwa hakuwapo.
Nilimfulia soksi. Nilimkanda miguu kwa mafuta ya kondoo,
ile miguu maarufu.
Hayo hayamo. Mwalimu alitafuta hadi 214;
huko tayari yuko Uchina, anasifu tambi.

Ukazuka ubishi.
Azamat, kijana, akasema: "Njia mbovu, mkate mgumu.
Kakosea wapi?"
Mmoja akataka kurasa zile ziwashe jiko.
Mwingine akaomba picha ya farasi irudiwe,
kwa kuwa ni farasi wake, na katoka vizuri.

Mimi nilikuwa mbali, Moscow, kwa mwanangu Emilbek.
Naye anaendesha baiskeli,
sanduku la njano mgongoni, chakula cha watu ndani,
kilomita themanini kwa siku juu ya barafu.
Nikahesabu kwa kidole mezani
(Sabyrbek akanisaidia, macho kafumba):
elfu tisa za Hartmut, tangu Mwaka Mpya,
mwanangu huzimaliza kabla ya Aprili kuisha.
Naye ana wasomaji wake.
Humpa nyota tatu. Humwandikia: "Supu imepoa."
Hakuna anayemuuliza anatoka wapi,
ila polisi.

Barua tuliandika hatimaye, kila mtu sentensi moja.
Sabyrbek alitoa tarehe yake.
Tologon alikataa kusema kitu, akafika mlangoni,
akarudi: "Mwambieni ng'ombe walikuwa wawili."

Zamu yangu nilikuwa na mengi, yakanikwama.
Nikasema: arobaini na minne.
Nikasema: soksi yako ya kushoto, ile ya kijivu, imebaki;
nimeshona kisigino, naziba nayo ufa wa dirisha.
Ulrike hajambo?

Mwalimu akainua kalamu, akanitazama juu ya miwani zote mbili.
"'Wewe' ipi? Ya heshima au ya nyumbani?"
Ya nyumbani, nikamwambia.
Nimemfulia soksi.