Lita Mia na Ishirini

Fundi Ruhomvya amecheka hadi msumeno umenyamaza.
"Mama Tunu, ziwa lote hili, tamu, halina chumvi,
nawe unataka kubeba maji juu ya maji?"
Vibarua wa Kibirizi wamekidaka kicheko;
mmoja amechota kwa kiganja, amekunywa, ananitazama.

Miaka ishirini na sita nimekaa maabara ya maji.
Nakumbuka masika ile, chupa themanini mezani,
kila chupa na jina la mtaa wake.
Siwaambii.
Nasema tu: Ruhomvya, shika futi, pima.

Chombo chenyewe ni mitumbwi miwili myembamba,
plaiwudi na faiba, imeungwa kwa daraja la mbao,
binamu wa zile pacha za wavuvi wa dagaa,
ila hiki hakitabeba wavu wala karabai.
Kitanibeba mimi, na jiko, na mdogo wangu Sadoki,
mpaka Kalya, mpaka Sibwesa,
mpaka nichoke kustaafu.

Pipa la buluu la sokoni Mwanga tulilikataa,
lilinuka sabuni hata baada ya kusuuzwa mara tisa.
La chuma kisichoshika kutu lilimetameta kama sufuria ya harusi,
na bei yake ilikuwa ya harusi.
Mfuko wa mpira ulikunjika vizuri, lakini chai yake,
eeh, chai yake ilikuwa na ladha ya tairi.
Tukabaki na matangi mawili meupe, lita sitini kila moja,
unayaona maji kupitia ubavu wake
kama kivuli cha mtu nyuma ya pazia.

"Tuyaweke mbele," akasema fundi, "chini ya kitanda, pako wazi."
Uwazi si sababu.
Nikamwambia tujaribu kwa madumu.
Tulipoyapanga omoni, chombo kiliinama kama mbuzi anayekunywa,
boti ya abiria ikapita, wimbi lake likatulamba magoti.
Tukayahamishia tezini: kikaburuza matako.
Tukayasogeza, dumu kwa dumu, jasho kwa jasho,
hadi katikati, chini kabisa, usawa wa mlingoti,
moja kushoto, moja kulia.
Kikatulia
kama mtu aliyeombwa radhi.

Ruhomvya hakucheka tena. Alichukua chaki,
akachora msalaba sakafuni, akasema, "Lita moja, kilo moja.
Nilidhani najenga chombo. Kumbe najenga mizani."

Ndani ya kila tangi akaweka ukuta wenye matundu,
maji yasikimbie ovyo usiku, yakagonga, yakarudi.
Kisha bomba la kuyaunganisha matangi.
Hapo ndipo mimi nilipoweka mguu chini:
bila koki katikati, hapana.
Maji hayana undugu. Chombo kikilalia kushoto,
ya kulia yote yatahamia kushoto,
kilicholemewa kizidi kulemewa.
Ndivyo ilivyokwenda nyumba ya baba kule Ujiji,
chumba baada ya chumba,
hadi ikaishia upande mmoja.

Sadoki alikuwa pale, ameshika spana.
Alisikia. Aliangalia spana.
Miaka saba hatukuzungumza, mimi na yeye,
na mwaka huu ameniuliza mambo mawili tu:
safari lini, na je, kuna nafasi.

Koki nimemkabidhi yeye.

Usiku wa kwanza tumetia nanga nyuma ya Bangwe.
Ziwa limetuzunguka, jeusi, pana, linapumua.
Nimesikia kidole kikigonga plastiki upande wake,
ko, ko, ko,
akitafuta sauti inapobadilika.
"Dada," ameita kupitia darajani, "langu liko nusu."

Nami nikagonga.
"Na langu."

"Nifungue?"

Nimekunywa kikombe kizima kabla ya kujibu.